Fundi aliyenyamazisha mashine, mtoto akaitwa mkaidi

Saa mbili kasorobo asubuhi, kabla hata hajavua mkoba begani, fundi anawasha kompyuta na kuipa amri moja. Kisha anasimama nyuma ya kiti chake, mikono ameikunja kifuani, akisubiri kuambiwa amekosea wapi.

Chini ya chumba hiki kuna duka la washonaji. Vyerehani vitatu vimeshaanza kunguruma, na sakafu ya mbao inatetemeka kidogo chini ya viatu vyake. Kwenye kioo cha kompyuta mistari inashuka mmoja baada ya mwingine. Mweupe, mweupe, mweupe. Halafu unakuja mmoja mwekundu, na kila kitu kinasimama.

"Imekataa?" anauliza mdogo wake kutoka meza ya pili, bila kugeuka.

"Imekataa."

"Afadhali."

"Afadhali," dada anaitikia, na sasa ndiyo anavuta kiti, anakaa.

Mgeni angeshangaa kusikia watu wawili wakishukuru kwa kazi yao kukwama asubuhi na mapema. Lakini katika chumba hiki, mwaka mzima karibu ulipita bila mstari mwekundu hata mmoja. Na huo ndio mwaka ambao mwanamke huyu angetoa chochote aufute.

Ana miaka thelathini na tisa, ni mama wa watoto wawili, na kwa miaka kumi na miwili amekuwa akiandika programu za kompyuta. Mitano ya mwanzo aliifanya benki, kwenye ofisi yenye zulia na mashine ya kahawa. Akaiacha. Sasa anapata chini ya nusu ya mshahara ule, na kahawa anachemsha mwenyewe.

Washonaji wa chini wanamwita Fundi wa Juu. "Sisi mafundi wa chini, yeye fundi wa juu," mmoja wao anaeleza huku ameshika sindano mdomoni. "Sisi tukikosea, suruali inabana. Yeye akikosea, sijui nini kinabana."

Alilisema kwa mzaha tu, hana hili wala lile. Aliyetaniwa alikuwa akipita kwenye ngazi, na alilisikia. Hakucheka.

Kazi yake ni programu ya kupima usikivu wa watoto. Inatumika katika kliniki moja ya masikio, jengo la ghorofa moja lenye benchi ndefu nje na picha za wanyama ukutani. Mtoto anavaa hedfoni, anasikilizishwa milio midogo midogo, na kila akisikia anabonyeza kitufe. Mwishoni inatoka karatasi yenye mistari miwili, mmoja wa sikio la kulia na mwingine wa kushoto. Kwa karatasi hiyo ndipo kifaa cha kusikia kinapangwa kiongeze sauti kwa kiasi gani.

Programu hiyo ina sehemu mbili zilizoandikwa kwa lugha mbili. Hesabu za sauti ziliandikwa kwa lugha ya C na mwalimu wake wa chuo, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Sehemu mpya aliiandika yeye mwenyewe kwa lugha ya Rust. Zote mbili hukusanywa pamoja na kugeuzwa kuwa WebAssembly, umbo ambalo kivinjari cha intaneti kinaweza kuliendesha. Kwa njia hiyo hata kompyuta kuukuu ya kliniki, ile yenye herufi zilizofutika kwenye vitufe, inaweza kupima mtoto bila kununuliwa mashine ya gharama.

"Nilikuwa najivunia sana," anasema. Anazungumza taratibu, akichezea kifuniko cha kalamu. "Watu walikuwa wakiniambia kuchanganya lugha mbili hivyo ni kujitafutia taabu. Mimi nawaambia, nipeni wiki sita."

Wiki sita zilimtosha. Tatizo lilikuwa kwenye siku tatu za mwisho.

Kila programu ya aina hii hukusanywa, yaani hugeuzwa kutoka maandishi ya fundi kuwa kitu kinachoendeshwa na kompyuta, mara mbili. Kuna toleo la uchunguzi, zito na la polepole, lililojaa walinzi wa kukagua kila namba inayopita. Na kuna toleo la kazi, jepesi, lisilo na walinzi, ambalo ndilo hupelekwa kwa watumiaji. Mafundi hulitumia la kwanza kujua kama la pili ni salama.

Siku tatu kabla ya kliniki kuanza kuitumia programu hiyo, toleo la uchunguzi liligoma. Likawa linaanza, linapima sikio la kwanza, likifika la pili linasimama na kuandika kwamba namba imezidi kipimo chake.

Fundi akafuta kila kitu, akakusanya upya. Likagoma. Akabadilisha mipangilio ya kukusanyia, akajaribu kompyuta ya mdogo wake. Likagoma. Toleo la kazi, lile jepesi, lilikuwa likienda vizuri kabisa, bila kukohoa.

"Nikajiambia tatizo ni hizi lugha mbili kutopatana wakati wa uchunguzi tu. Kelele za mashine," anasema. "Siku ya tatu mchana nikaenda kwenye faili la kukusanyia, nikaweka alama moja mbele ya mstari mmoja. Ukiweka alama ile, mstari unakuwa kama haupo. Toleo la uchunguzi likawa halitengenezwi tena."

Pembeni ya alama aliandika maneno manne. Yapo mpaka leo katika kumbukumbu za kazi, pamoja na tarehe na jina lake: *Kelele tu. Nitarudi Jumatatu.*

Hakurudi Jumatatu hiyo, wala zilizofuata.

Mdogo wake, ambaye kazi yake ni kurasa na vitufe anavyoviona mtumiaji, aligundua baada ya wiki mbili. Ni kijana wa miaka thelathini, mpole, anayependa kuuliza kabla ya kulaumu.

"Nikamuuliza, dada, ile ya uchunguzi umeiacha?" anakumbuka. "Akaniambia, wewe shughulika na vitufe vyako. Nikashughulika na vitufe vyangu."

Dada yake anasikia hayo akiwa palepale. Anainamisha uso mpaka kidevu kinagusa kola ya shati. "Ndivyo nilivyomjibu," anasema. "Neno kwa neno."

Mwezi wa nne tangu programu ianze kutumika, simu ilipigwa kutoka kliniki. Aliyepiga ni mpima masikio, mwanamke mtu mzima ambaye amefanya kazi hiyo tangu programu yenyewe haijafikiriwa. Alisema masikio ya kushoto ya baadhi ya watoto yanatoka mabaya kuliko anavyotarajia.

"Hedfoni zenu zimechoka," Fundi wa Juu alimjibu. "Mmezitumia muda gani?"

Kliniki ikanunua hedfoni mpya, jozi mbili. Hela hiyo ilitengwa kwa ajili ya kupaka rangi chumba cha kusubiria. Mpaka sasa chumba hicho rangi yake inabanduka kama ngozi iliyoungua jua, na kila fundi anapokwenda huko anakaa akikitazama.

Mwezi wa saba mpima masikio akapiga tena. Safari hii jibu lilikuwa jepesi zaidi. "Watoto hao, mama. Wanabonyeza ovyo."

Mpima masikio hakubishana. Alikata simu akaanza kuandika kwenye daftari. Mwezi wa kumi na moja alipanda ngazi za washonaji mwenyewe, akihema, akaweka karatasi mbili juu ya meza ya fundi.

"Mwanangu, mimi kompyuta siijui," alisema. "Lakini masikio nayajua. Huyu ni mtoto mmoja, siku moja, kiti kimoja. Hii nilianza na sikio la kushoto. Hii nilianza na la kulia. Tazama."

Fundi akatazama. Kipimo kilipoanza na kushoto, karatasi ilisema sikio la kushoto ni hafifu kidogo. Kilipoanza na kulia, sikio lilelile lilikuwa limekufa nusu.

"Sikio halijui nimeanza na lipi," mpima masikio akasema. "Mashine yako ndiyo inajua."

Mdogo mtu anasema aliona uso wa dada yake ukipauka. "Alifungua lile faili, akaitoa ile alama. Akakosea kuandika mara mbili. Akakusanya toleo la uchunguzi. Akapima kulia kwanza, halafu kushoto. Likasimama. Palepale liliposimama miezi kumi na moja nyuma. Maneno yaleyale."

Kosa lenyewe anaweza kulieleza kwa mtu yeyote, na hulieleza kwa vidole. Namba ndani ya kompyuta huhifadhiwa kwenye visanduku. Sehemu ya zamani, ya lugha ya C, iliandika kiwango cha sauti kwenye visanduku vinne. Sehemu mpya, ya Rust, aliiambia isome visanduku vinane.

"Kwenye laptop yangu ni vinane kweli, aina ileile ya namba. Ndani ya kivinjari ni vinne. Nilifundishwa hilo mwaka wa pili wa chuo. Nimewafundisha wengine," anasema. "Kwa hiyo kila mara ilikuwa inasoma vinne vyake, halafu inachukua vinne vya jirani."

Mara nyingi visanduku vya jirani vilikuwa vitupu, na utupu haubadilishi namba. Lakini ukianza na sikio la kulia, masalio ya sikio hilo yalibaki kwa jirani, na sikio la kushoto lilipofika lilibebeshwa mzigo usio wake. Toleo la uchunguzi liliona namba imekuwa kubwa kupita kiasi, likasimama. Toleo la kazi halikuwa na mlinzi. Lilikata vipande vilivyozidi, likaendelea na kilichobaki, na kuchapa karatasi safi isiyo na doa.

Kurekebisha kulichukua saa moja na dakika kumi. Alizitaja namba hizo mwenyewe, bila kuulizwa, kama mtu anayetoa ushahidi dhidi yake.

Katika miezi hiyo kumi na moja walipimwa watoto mia mbili na kumi na wawili. Walioanza na sikio la kulia wakapewa vifaa vya kushoto kwa karatasi ya uongo walikuwa thelathini na mmoja. Vifaa vyao vilipangwa viongeze sauti kuliko walivyohitaji.

Mkuu wa kliniki alimsikiliza mpaka mwisho. Fundi alikwenda na barua ya kuacha kazi ndani ya bahasha. Mkuu hakuifungua. "Ukiondoka, nani atazirudia hizo karatasi thelathini na moja?" aliuliza. "Kaa. Na nyumbani kwao utakwenda."

Akaenda. Yeye na mpima masikio, mlango kwa mlango, kwa wiki tatu. Familia mbili zilikuwa zimehama. Baba mmoja alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Mmemaliza?" akafunga. Wengi walimkaribisha kiti, na anasema hilo lilikuwa baya zaidi.

Nyumba iliyo ngumu kwake kuizungumzia ni ya kumi na tisa. Humo wanaishi bibi na mjukuu wake, msichana wa miaka minane, katika vyumba viwili vinavyotazama uwanja wa kuanikia nguo.

Kwa miezi saba mtoto yule alikuwa akivua kifaa cha sikio la kushoto na kukificha. Alikificha ndani ya soksi, chini ya godoro, mara moja ndani ya chombo cha sukari. Alisema kinapiga kelele. Shuleni aliambiwa ni mtundu. Nyumbani aliambiwa ni mkaidi. Mwishowe bibi yake alishona utepe, akakifunga kifaa kwenye nywele za mtoto kwa fundo ambalo vidole vyake vidogo visingeweza kulifungua.

Bibi aliwasikiliza wageni wake huku akikunja nguo. Alipoelewa, mikono ilisimama.

"Kwa hiyo alikuwa anasema kweli?" aliuliza.

"Alikuwa anasema kweli, bibi," fundi akajibu.

"Miezi saba?"

"Miezi saba."

"Na mimi nikamfunga utepe."

Fundi anasema alitamani sakafu ipasuke immeze. Badala yake alijikuta akisema kila kitu: alama mbele ya mstari, hedfoni mpya, na yale maneno kwamba watoto wanabonyeza ovyo. Alisema kwa lugha ya kawaida, bila kujificha nyuma ya kompyuta.

Bibi aliiweka chini nguo aliyoishika. "Mashine yenyewe ilikwambia?"

"Iliniambia siku ya kwanza."

"Ukaifunga mdomo."

"Nikaifunga mdomo."

"Basi tuko wawili," bibi akasema, akamgeukia mjukuu aliyekuwa amekaa mlangoni, mgongo amewapa. "Mke mwenzangu, njoo. Njoo tukuombe radhi, hapa kuna watu wazima wawili wenye vichwa vigumu."

Mtoto hakuja. Alitoka nje, akaenda kusimama katikati ya shuka zilizoanikwa, miguu yake tu ikionekana.

Daktari wa kliniki amewachunguza watoto ishirini na tisa waliopatikana. Vifaa vyenyewe vina kikomo ambacho havivuki, na anasema hakuna sikio lililoumia. Wote wamepangiwa upya. Ishirini na wanane wanavaa vifaa vyao. Msichana wa nyumba ya kumi na tisa alikataa hata kukaa kwenye kiti cha kupimia.

"Watu wananiambia shukuru, hakuna aliyeumia," fundi anasema. "Yule ameumia. Amejifunza kwamba akisema, hasikilizwi. Hilo daktari halioni kwenye sikio."

Siku hizi anapita ngazi za nyuma ili asisalimiwe na washonaji. Amemwomba mdogo wake asimwite fundi mbele ya watu. Mdogo wake amekataa. "Nimwiteje? Alivyokosea ni kama fundi, na alivyorekebisha ni kama fundi," anasema. "Halafu nami niliuliza mara moja tu. Ningeuliza mara mbili."

Kitu kimoja kimebadilika katika kazi yao, na hakina mjadala. Toleo la uchunguzi hukusanywa kwanza, kila asubuhi, na likigoma hakuna programu inayopelekwa popote. Kulizima kunahitaji watu wawili, na mmoja wao ni mpima masikio, ambaye hajui kompyuta lakini anajua kusema hapana.

Kitu cha pili bado kinatengenezwa, na ndicho fundi anachokiwekea tumaini lake lote. Ni kitufe cha pili kwa ajili ya mtoto, kikubwa, kilichokaa kwenye kisanduku cha plastiki. Cha kwanza kinasema nimesikia. Hiki kinasema inaniumiza. Mtoto akikibonyeza, sauti inakatika hapohapo, na saa, kiwango na sikio vinaandikwa mahali ambapo mtu mzima hawezi kufuta, hata fundi mwenyewe. Anataka kabla ya mwaka kwisha kiwepo kliniki. Kisha anataka kukitoa bure kwa kliniki nyingine yoyote itakayokihitaji.

Jumatano iliyopita bibi alimleta mjukuu wake akione. Hawakumwambia akae, akakaa mwenyewe, pembeni kabisa ya kiti, miguu tayari kuondoka. Fundi alimpa kisanduku, akarudi nyuma ya kompyuta yake.

Hedfoni zilikuwa bado mezani. Mtoto akabonyeza. Akabonyeza tena. Akaendelea kubonyeza, polepole, akimtazama fundi usoni.

"We mke mwenzangu, acha!" bibi akasema. "Hata sauti hawajaweka."

"Najua," mtoto akajibu. "Nataka nione kama kinasikia."

Fundi aligeuza kioo cha kompyuta upande wake. Mistari ilikuwa imejipanga, kila mmoja na saa yake. Mtoto akasogea, akaihesabu kwa kidole, midomo ikicheza bila sauti. Ilipofika tisa akasimama, akafikiri, akahesabu upya kutoka juu. Ilikuwa tisa.

Akachukua hedfoni, akazivaa mwenyewe. Kidole gumba hakikutoka kwenye kitufe.

"Haya," akasema. "Weka."